Beseni la Kuoshea Santuri la Spin-Clean: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja na Nusu Katika Nyumba Yenye Vumbi

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimeosha santuri zipatazo 400 kwa beseni la Spin-Clean. Ninaandika tathmini hii kwa sababu karibu maelezo yote niliyoyasoma kabla ya kulinunua yalijibu swali moja tu, yaani kama kifaa hiki kinasafisha santuri, wala hayakugusa swali ambalo kwa sisi tunaoishi na vumbi lina uzito zaidi: je, kifaa chenyewe kinasafishika? Burashi iliyobeba chembe za mchanga haioshi santuri bali huipiga msasa, na maji yaliyojaa uchafu wa santuri ya kwanza huugawa uchafu huo kwa santuri zote zinazofuata. Kwa hiyo nimekipima kifaa hiki kwa kipimo kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni urahisi wa kukiondolea uchafu ambao chenyewe kimeuondoa kwenye santuri.

Ninaishi Dar es Salaam, katika mtaa ambao lami haijaufikia, na madirisha yetu hayafungwi mchana kwa sababu ya joto. Marehemu baba aliniachia makabati mawili ya santuri, nyingi zikiwa zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapia santuri, hivyo nyimbo za bendi zetu zilichapwa Nairobi na kurudi nyumbani zikiwa bidhaa, na nyingi kati yake hazikuchapwa tena. Nakala iliyomo kabatini huenda ikawa miongoni mwa chache zilizobaki, na mkwaruzo ukishaingia kwenye nakala ya namna hiyo hakuna duka la kuendea. Ndiyo sababu ninalitazama suala la vumbi kwa uzito ambao wageni wangu wakati mwingine wanaushangaa.

Kifaa chenyewe ni chepesi kueleza. Ni beseni jembamba la plastiki ya njano lenye kifuniko, linalotengenezwa na kampuni ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1975. Ndani yake kuna burashi mbili zinazotazamana, na vigurudumu viwili vinavyoibeba santuri kwa ukingo wake, ambavyo huhamishwa kwenye nafasi tatu kulingana na ukubwa wa sahani, iwe ya inchi 7, 10 au 12. Unajaza maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji yasiyo na chumvi, hadi kwenye mstari, unamimina vifuniko vitatu vya dawa ya kuoshea juu ya burashi, unaisimamisha santuri katikati, kisha unaizungusha kwa mikono mara tatu upande mmoja na mara tatu upande wa pili. Kifaa hakina mota wala pampu, na hakihitaji umeme. Pande zote mbili za santuri huoshwa kwa pamoja, kisha unaitoa na kuikausha kwa kitambaa.

Siku ya kwanza niliosha santuri kumi na mbili za baba ambazo zilikuwa hazijatolewa kabatini kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipomaliza niliacha beseni litulie kwa saa moja, kisha nikalimulika kwa tochi. Chini kabisa palikuwa na tabaka la tope laini la rangi ya kahawia, vipande vya karatasi vilivyotoka kwenye bahasha za ndani zilizochakaa, na nyuzi fupi nyeupe. Dawa ya Spin-Clean imetengenezwa ili iuzingire uchafu na kuuzamisha, na kwa macho yangu nilithibitisha kwamba inafanya hivyo. Lakini nilipozitoa burashi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona jambo ambalo limekuwa kiini cha matumizi yangu tangu siku hiyo. Kwenye mstari ule burashi inapogusana na santuri, vinyweleo vyake vilikuwa vimelala na kushikana, na katikati yake zilikuwa zimekwama chembe tatu au nne zinazong'aa, kali kama sukari guru iliyovunjika. Ulikuwa ni mchanga. Uchafu mwepesi ulikuwa umezama, ila ule mgumu wenye kingo ulikuwa umebaki mahali pabaya kuliko pote.

Upana wa mfuo wa santuri, yaani ule mfereji ambamo sindano hupita, haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, nao ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Plastiki iliyotengenezewa mfuo huo ni laini sana ikilinganishwa na mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ni chembe za madini magumu ya kwatzi (quartz). Chembe moja iliyoshikwa na burashi ikiburutwa kuizunguka sahani mara sita inaweza kuacha alama ambayo sindano itaisoma kila mara itakapopita hapo, na sauti yake, ule mlio wa kutatarika kama chumvi iliyotupwa motoni, haiondoki kwa kuosha tena. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaoendelea kuosha mpaka maji yabadilike rangi. Maji yanapobadilika rangi, burashi imekwisha kuchafuka zamani.

Hapa ndipo Spin-Clean inaposhinda vifaa vingi ghali kuliko yenyewe, kwa maana kila sehemu yake inachomoka. Burashi hutoka kwa kuvutwa juu, vigurudumu vivyo hivyo, na beseni hubaki tupu, likiwa na kuta unazoziona zote. Mimi hupumzika baada ya kila santuri nane, nazitoa burashi na kuzisuuza chini ya maji yanayotiririka huku nikipitisha kidole gumba kutoka juu kwenda chini, kisha nazimalizia kwa maji yaliyotoneshwa ili yale ya bomba yasibaki ndani yake. Baada ya santuri kumi na sita, au mapema zaidi ikiwa sahani zimetoka kwenye kabati bovu, namwaga maji yote na kuanza upya. Dawa hutumika zaidi kwa utaratibu huu, nami naona gharama hiyo ni halali.

Yapo maeneo mawili yanayotaka subira. La kwanza ni zile nafasi nyembamba ukutani mwa beseni ambamo burashi na vigurudumu hupachikwa. Tope hujibana humo na kitambaa hakiingii, kwa hiyo nimetenga mswaki laini kwa kazi hiyo tu. La pili ni mhimili wa kila kigurudumu. Siku moja nilihisi santuri inasita kuzunguka, kana kwamba imeshikwa upande mmoja, na nilipokichomoa kigurudumu nilikuta uzi mweupe umejizungusha kwenye mhimili mara nyingi hata umekuwa kama pete. Kigurudumu kilikuwa kimeacha kuzunguka, na ukingo wa santuri ulikuwa unateleza juu yake. Niliukata uzi kwa wembe na kuutoa kwa kibanio, na tangu hapo huvikagua vigurudumu kila ninapomwaga maji. Beseni halina tundu la kutolea maji chini, jambo ambalo wengine wanalilalamikia. Mimi nimeona kwamba kulibeba hadi sinki na kulipindua kunanilazimisha kulisuuza kila mara, na kwangu hilo ni faida.

Uzi ule ulitoka wapi? Niliutafuta, na jibu likawa kwenye vitambaa. Kifaa huja na vitambaa viwili vya kukaushia ambavyo hufuliwa na kutumika tena. Katika mwezi wa pili vitambaa vyangu vilifuliwa pamoja na taulo, tena kwa maji yenye dawa ya kulainisha nguo, nami sikuwa nimemweleza mtu yeyote nyumbani kwamba havipaswi kuchanganywa. Vilirudi vikinukia vizuri, ila vilikuwa vimebeba manyoya ya taulo, na dawa ile ya kulainisha ilikuwa imeacha utando unaofanya kitambaa kisukume maji badala ya kuyanyonya. Nilikausha santuri tano kabla sijaona michirizi iliyobaki juu yake kwenye mwanga wa dirisha, na zote tano nililazimika kuziosha upya. Sasa vitambaa vya santuri vina ndoo yake. Navifua kwa mkono, kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, navisuuza mara tatu, navianika ndani ya chumba mbali na barabara, kisha navihifadhi kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Hutumia viwili kwa kila santuri: cha kwanza cha kunyonya maji mengi, cha pili kikavu cha kumalizia. Cha kwanza kikishalowa nakibadilisha bila kusubiri.

Maji nayo yana habari yake. Maelekezo yanataka maji yaliyotoneshwa, na mtu anaweza kudhani hilo ni pambo la watengenezaji mpaka afanye jaribio dogo nililolifanya mezani kwangu. Nilidondosha tone la maji ya kisima chetu juu ya kioo safi, pembeni yake tone la maji ya bomba, na la tatu la maji yaliyotoneshwa, kisha nikaviacha vikauke. La kisima liliacha duara nene jeupe la chumvi na chokaa, la bomba liliacha duara hafifu, la tatu halikuacha kitu ninachoweza kukiona. Duara lile likikauka ndani ya mfuo wa santuri linakuwa uchafu mpya ulioletwa na kazi ya usafi wenyewe. Hapa mjini maji ya aina hii hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, yakiuzwa kama maji ya betri. Ninatoa tahadhari moja kwa msisitizo: rafu hizohizo huuza pia asidi ya betri, katika chupa zinazofanana, na haitoshi kumwamini muuzaji aliyekukabidhi chupa kwa haraka. Mimi nimewahi kukabidhiwa asidi katika duka moja baada ya kuomba maji, nikaligundua hilo kwa kusoma lebo nilipofika nyumbani. Soma lebo kabla hujalipa, na usifungue chupa ambayo lebo yake imechanika.

Kukausha ndiko kulikonisumbua kwa muda mrefu kuliko mengine. Spin-Clean inaosha tu, haikaushi, na baada ya kitambaa santuri inahitaji dakika kadhaa za kusimama kwenye kichanja cha kuanikia vyombo kabla ya kurudi kwenye bahasha. Mwanzoni niliiweka chini ya pangaboi ili ikauke upesi. Nilipopanda kwenye kiti na kupitisha kidole juu ya panga mojawapo, kidole kilirudi kimevaa soksi ya vumbi la kijivu. Nilikuwa nimeosha santuri kwa uangalifu wote huo, halafu nikaiweka ikiwa na unyevu chini ya mtambo wa kunyunyizia vumbi. Siku hizi pangaboi huzimwa saa moja kabla ya kazi ili vumbi litue, sakafu hupigwa deki kwa maji badala ya kufagiwa, na dirisha la upande wa barabara hufungwa. Ninaosha asubuhi na mapema, baada ya umande na kabla ya bodaboda kuanza safari zake. Msimu wa mvua za masika ndio mzuri kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu vumbi limelala na unyevu wa hewa hupunguza umeme tuli, ule unaozaliwa santuri inaposuguliwa na unaoifanya ivute vumbi kutoka hewani kama sumaku inavyovuta pini.

Msimu huohuo una hasara yake, nayo ni kuvu. Kifuniko cha beseni kinazuia vumbi vizuri sana, ila ukikifunga juu ya burashi zenye unyevu unakuwa umetengeneza chumba cha giza, cha joto na cha majimaji. Wakati fulani nilisafiri kwa wiki mbili na kuacha burashi ndani ya beseni lililofunikwa, na niliporudi nilikuta madoa meusi madogo kwenye mizizi ya vinyweleo pamoja na harufu ya nguo iliyosahaulika ndooni. Jozi ile niliitupa bila kujadiliana na nafsi yangu, kwa kuwa sikutaka kuvu ya burashi iingie kwenye mifuo ya sahani 300. Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ni rahisi: burashi hukaushwa nje ya beseni, zikiwa zimesimama kwa ukingo juu ya kitambaa safi na kufunikwa kwa chujio kubwa la nazi ili hewa ipite na vumbi lisifike, mpaka kesho yake. Beseni hufutwa na kuachwa wazi likiwa limepinduliwa. Kifuniko hurudishwa pale tu kila kitu kinapokuwa kikavu kabisa, na hapo ndipo kinapofanya kazi yake halisi.

Ili niwe mwadilifu katika tathmini hii nilikwenda kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kufyonza, ile inayoizungusha santuri kwa mota na kuyavuta maji kwa pampu kupitia mkono wenye ufa mwembamba. Kwa ukaushaji haina mshindani: santuri hutoka kavu baada ya mizunguko miwili, na maji machafu hayaguswi tena na sahani nyingine. Ila kingo za ule mkono zimevishwa vipande vya kitambaa cha mahameli vinavyogusa santuri moja kwa moja, na tulipovikagua pamoja kwa kioo changu tulikuta chembe zilezile za mchanga zimejificha humo. Rafiki yangu alikuwa hajawahi kuvipiga burashi kwa muda wote aliokuwa nayo, kwa sababu mashine inavuta uchafu na yeye aliamini kwamba umeondoka wote. Vilevile tangi lake la maji machafu lipo ndani na halionekani, na lisipomwagwa hutoa harufu. Mashine hiyo inaosha vizuri kuliko beseni langu ikitunzwa, ila inaficha uchafu wake, na beseni langu linauonyesha.

Kwa santuri zetu za inchi 7 kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Nyingi zina tundu kubwa katikati na nyingine dogo, na vifaa vinavyoishika sahani kwa tundu lake hudai kipachiko cha ziada. Spin-Clean huibeba kwa ukingo, hivyo tundu halihusiki. Jambo la kuangalia ni kiasi cha maji. Kwenye sahani ndogo lebo iko karibu na mstari wa maji, na ukijaza kupita kiasi karatasi ya lebo hulowa, wino hufifia, na nyuzi za karatasi hiyo huingia ndani ya maji na kuishia kwenye burashi. Mimi hujaza nusu sentimita pungufu ya mstari ninapoosha hizi. Zile sahani nzito za zamani za shelaki, yaani utomvu mgumu wa wadudu uliotumika kabla ya plastiki, za zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, haziwezi kuguswa na kimiminika chenye alkoholi kwa sababu alkoholi huyeyusha shelaki. Dawa ya Spin-Clean haina alkoholi, na nimeosha sahani nne za inchi 10 za aina hiyo bila madhara, nikizikausha mara moja na kwa maji mapya kabisa, kwa kuwa shelaki ya zamani hutoa unga mweusi mwingi kuliko nilivyodhania.

Beseni halimalizi kila kitu. Santuri iliyooshwa bado inahitaji kupitiwa na burashi kavu ya nyuzi za kaboni kila inapowekwa kwenye pleya, na burashi hiyo nayo ina kanuni yake. Nyuzi hazishikwi kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huzigandisha na kuhamia kwenye sahani. Baada ya kila upande huzipitisha kwenye ukingo wa mpini wake mara mbili, mbali na pleya, ili zitoe vumbi zilizolibeba. Nimewaona watu wakiikokota burashi hadi ukingoni mwa santuri na kuiinua, kisha wanairudisha kwenye kibweta ikiwa na mstari wote wa vumbi, na kesho wanaanzia hapo.

Marekani beseni hili kwa miaka mingi liliuzwa kwa takribani dola 80. Kwetu, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, bei hupanda sana, na burashi, dawa na vitambaa vya akiba vyote vinapaswa kuagizwa kutoka nje. Hilo ndilo pungufu kubwa ninaloliona kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, kwa sababu ubora wa kifaa hiki unategemea burashi mpya kwa wakati wake. Hata hivyo ningelinunua tena bila kusita. Katika santuri 400 nilizoosha, zaidi ya nusu zimerudi kusikika kwa uwazi ambao sikuujua hata utotoni, na zile zilizobaki zinatatarika kwa majeraha ya zamani, ambayo maji hayayatibu.

Anayeagiza leo namshauri aongeze jozi moja ya burashi kwenye oda yake ya kwanza, kabla hata ya chupa ya pili ya dawa. Zangu nimezitia alama pembeni kwa kalamu isiyofutika. Zenye alama nyekundu hupokea santuri zinazotoka kabatini au sokoni na vumbi lake lote, kwa mzunguko wa kwanza, katika maji yake yenyewe. Zenye alama ya buluu huingia beseni likishasuuzwa na kujazwa maji mapya, na hazijawahi kugusa santuri ambayo haijapita kwenye zile nyekundu.